Megabiti Hamsini na Bado Inakwama: Kupima Afya ya Mtandao kwa Milisekunde

Ofisi yoyote ya Dar es Salaam inayolipia faiba inaijua hali hii. Unafungua tovuti ya kupima kasi, mshale unapanda hadi megabiti 50 kwa sekunde, sawasawa na mkataba. Unarudi kwenye kikao cha video, mwenzako wa Mwanza bado sauti yake inakatikakatika. Ukurasa wa benki unazunguka tu. Dada wa kaunta anasema mfumo umeganda. Unampigia mtoa huduma, kijana wa huduma kwa wateja anaangalia kwenye kompyuta yake na kukujibu kwa upole, "Kaka, laini yako huku naiona iko sawa kabisa." Wala hadanganyi. Yeye anatazama upana wa njia, wewe unaumia kwa muda wa safari.

Pantoni la Magogoni hubeba magari na mamia ya watu kwa mkupuo mmoja. Ukihesabu waliovuka kwa siku nzima utasema Kigamboni haina shida ya usafiri. Lakini mtu aliyefika gatini pantoni likiwa ndiyo kwanza limeondoka ana habari tofauti. Megabiti kwa sekunde ni hesabu ya waliovuka. Muda aliosimama yule mtu ndiyo letensi.

Kwa lugha ya kazi, letensi ni muda ambao pakiti moja ya data inautumia kutoka kwenye kifaa chako, kufika inakokwenda, na jibu lake kukurudia. Hupimwa kwa milisekunde, elfu moja ndani ya sekunde. Ipo pia letensi ya kwenda tu, ila kuipima kunataka saa za pande zote mbili zilingane kabisa, na hilo ni jambo gumu. Ndiyo maana karibu kila mtu hupima kwenda na kurudi kwa saa moja, ile ya kwake.

Vitu vinne vinavyokula muda

Cha kwanza ni umbali. Mwanga ndani ya kioo cha faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ukipiga hesabu ya kwenda na kurudi, kila kilomita 100 zinakugharimu milisekunde moja. Cha pili ni muda wa kuisukuma pakiti yenyewe kwenye laini, biti baada ya biti: pakiti ya kawaida ya baiti 1,500 ni biti 12,000, na kwenye laini ya megabiti 5 itachukua milisekunde 2.4 kutoka. Cha tatu ni ruta kusoma anwani na kuamua pakiti iende wapi, kazi ambayo kwa ruta za kisasa mara nyingi haifikii hata milisekunde moja. Cha nne ni foleni. Pakiti ikifika kwenye ruta ikakuta nyingine zimetangulia, inasubiri.

Vitatu vya kwanza ni kama havibadiliki. Nairobi iko kilomita 670 hivi kutoka Dar kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo hutapata chini ya milisekunde 7 hata ukilipa mamilioni. London, iliyo kilomita 7,500 hivi, haiwezi kushuka chini ya 75, na kwa kweli haifiki hapo, kwa sababu nyaya za baharini hazinyooki. SEACOM iliyowashwa Julai 2009 na EASSy iliyofuata mwaka 2010 zinafuata pwani ya Afrika Mashariki, na data inayokwenda Ulaya kwa njia ya kaskazini inapanda hadi Bahari ya Shamu kwanza. Hata hivyo nyaya hizo zilikuwa ukombozi. Kabla yake sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipitia setilaiti zinazokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kupanda na kushuka tu, kwenda na kurudi, kulikula karibu nusu sekunde kabla ya seva kufanya lolote.

Kilichobaki ni foleni. Hicho ndicho hupanda na kushuka kutwa nzima, na hapo ndipo ufunguo wa jambo lote ulipo. Kiwango cha chini kabisa unachokipata kati ya pointi mbili ni jiografia, na chochote kinachozidi hapo ni foleni, au pakiti imehamishiwa njia nyingine. Mafundi wengi huita kile kiwango cha chini sakafu. Anayejua sakafu yake hana haja ya kumuuliza mtu kama milisekunde 40 ni nyingi au ni kidogo. Kwa anayepima hadi Nairobi kutoka Posta, katikati ya Dar, 40 ni dalili ya tatizo. Kwa anayepima hadi London, ni ndoto.

Tofauti hiyo ina manufaa siku ya tukio. Sakafu ikipanda ghafla na kubaki juu kwa utulivu, mfano kutoka 150 kwenda 260 bila mtikisiko, mara nyingi waya umekatika mahali na data inapitishwa kwingine. Sakafu ikibaki palepale lakini vipimo vikaanza kurukaruka juu yake, njia ni ileile, imejaa tu. Vyote viwili vinaweza kutokea pamoja. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwenye bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Tukio la namna hiyo huleta maumivu mara mbili: data inazunguka njia ndefu kuliko kawaida, na kila mtu anaikimbilia njia hiyohiyo iliyobaki.

Kupiga ping, na wastani unavyodanganya

Chombo cha msingi ni cha zamani. Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya utafiti wa silaha ya jeshi la Marekani kule Maryland, aliandika programu ya ping Desemba 1983 baada ya mtandao wa kazini kuonyesha tabia asizozielewa. Alikuwa akitafuta chanzo cha hitilafu, na mwenyewe alieleza kwamba ni kazi ya jioni moja, mistari kama elfu. Inatuma ujumbe mdogo wa kuuliza kama upo, upande wa pili unajibu nipo, na saa inahesabu kilichopita katikati. Zaidi ya miaka arobaini baadaye iko karibu kwenye kila kompyuta.

Tatizo ni namna watu wanavyoyasoma majibu yake. Tuseme umepiga mara saba na ukapata 9, 10, 9, 11, 9, 240, 9. Programu itakuambia wastani ni 42. Hakuna pakiti hata moja iliyotumia milisekunde 42! Ile namba ni ya mtu asiyekuwepo. Panga vipimo kwa ukubwa na uchukue kilicho katikati, utapata 9, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya laini. Kisha tazama vile vya juu peke yake, kwa sababu 240 ndiyo iliyomkata sauti mwenzako wa Mwanza. Kwa hiyo anayefuatilia mtandao kwa makini huandika namba tatu pembeni kwa pembeni: cha chini, cha katikati, na kile ambacho asilimia 95 ya vipimo havikukizidi. Wastani muachie anayetaka kukuuzia kitu.

Kuna pia jita, yaani kiasi ambacho letensi inabadilika kati ya pakiti moja na inayofuata. Kwa barua pepe haina maana yoyote. Kwa sauti ni balaa, kwa sababu simu ya intaneti hulazimika kuhifadhi sauti kidogo kabla ya kuicheza ili kuziba mapengo, na kadiri mapengo yanavyotofautiana ndivyo inavyolazimika kuhifadhi zaidi. Pendekezo la G.114 la ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, linasema mazungumzo hubaki ya kawaida ikiwa safari ya upande mmoja haizidi milisekunde 150. Ukiizidi, watu wanaanza kuingiliana maneno, kila mmoja akidhani mwenzake amemaliza.

Pima kwa hatua

Ping moja kwenda seva ya mbali inakuambia kuna ugonjwa bila kukuonyesha kiungo. Dawa yake ni kupiga pointi kadhaa kwa wakati mmoja kwenye njia ileile, kuanzia karibu. Anza na ruta yako ya ofisini. Kwa waya ni milisekunde 1 au chini, kwa waifai 2 hadi 5 ukiwa karibu nayo. Fuatia lango la mtoa huduma, kituo cha kwanza nje ya jengo. Kisha kitu kilichoko Dar lakini nje ya mtandao wa mtoa huduma wako. Mwisho ni kitu cha ng'ambo ambacho kazi yako inakitegemea kweli, iwe mfumo wa uhasibu uliohifadhiwa Ufaransa au seva ya makao makuu Johannesburg.

Ukishakuwa na vipimo vya pointi hizo nne, kusoma ni kutoa tu namba moja kwenye nyingine. Chukua ofisi ya uwakala wa forodha mtaa wa Samora, laini ya megabiti 50 kushusha na 5 kupandisha. Kila siku kuanzia saa nne asubuhi, mambo yanakwama. Ruta inajibu kwa milisekunde 1, siku nzima. Lango la mtoa huduma linajibu kwa 4 asubuhi na mapema, kisha saa nne linaruka hadi 390 na kubaki huko karibu saa nzima. Pointi ya Dar na ile ya Ulaya nazo zimepanda kwa kiasi kilekile, 386 hivi, wala si zaidi. Hiyo ina maana ongezeko lote linazaliwa katika hatua moja, kati ya ruta ya ofisi na lango. Bahari haihusiki, Ulaya haihusiki.

Sasa uliza nani anapandisha nini saa nne. Katika ofisi nyingi jibu ni bekapu ya nyaraka, au kamera za CCTV zinazopeleka picha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Laini ya kupandisha ni megabiti 5. Kifaa cha mtoa huduma kinachopokea data kutoka kwenye ruta yako kina bafa, yaani kumbukumbu ya kuweka pakiti zinazosubiri kutoka, na tuseme bafa hiyo ni kilobaiti 250. Hizo ni biti milioni 2. Kwa megabiti 5 kwa sekunde, kuimwaga bafa iliyojaa kunachukua sekunde 0.4, yaani milisekunde 400. Kila pakiti ya kikao cha video inayoingia nyuma ya bekapu italipa muda huo, na hata ombi dogo la kufungua ukurasa litalipa, kwa sababu kabla ya kushusha chochote lazima kwanza upandishe ombi. Ndiyo maana kipimo cha kasi cha kushusha kilionekana kizuri huku watu wakilalamika.

Ugonjwa huu wa bafa kubwa kupita kiasi ulipigiwa kelele sana na mtaalamu wa kompyuta Jim Gettys kuanzia mwaka 2010. Waliotengeneza vifaa walidhani wanafanya wema: pakiti isipotee, ihifadhiwe. Kumbe itifaki ya TCP, kanuni zinazoongoza mwendo wa sehemu kubwa ya data ya intaneti, inategemea pakiti kupotea ili ijue kwamba njia imejaa na ipunguze mwendo. Ukiizuia isipoteze, inaendelea kusukuma. Wataalamu wa mitandao Kathleen Nichols na Van Jacobson walikuja na dawa iitwayo CoDel mwaka 2012. Badala ya kuuliza bafa imejaa kiasi gani, inauliza pakiti imekaa humo muda gani, na ikikaa mno inaanza kudondosha. Ndugu yake, FQ-CoDel, huongeza jambo la pili, la kuupa kila mtiririko wa data foleni yake ili bekapu isimfunike mwenye kuongea. Ruta za MikroTik, ambazo mafundi wa Dar wamezifunga kila kona, zina kitu hiki kuanzia RouterOS toleo la 7, ila ni mpaka mtu akiwashe. Unaweka kikomo cha kupandisha chini kidogo ya kasi ya mkataba, tuseme 4.5 badala ya 5, ili foleni ijengeke kwenye ruta yako unayoimudu badala ya kwenye kifaa cha mtoa huduma. Baada ya hapo, 390 inashuka mpaka makumi machache bila kununua megabiti hata moja.

Namba za katikati ya njia

Programu ya traceroute, iliyoandikwa na Van Jacobson huyohuyo mwishoni mwa miaka ya 1980, inaonyesha ruta zote ambazo pakiti inapitia na muda wa kila moja. MTR hufanya hivyo mfululizo. Ni vyombo vizuri, na ni chanzo cha ugomvi mwingi usio na msingi kati ya wateja na watoa huduma. Mteja anaona ruta ya tano ina milisekunde 300, au inaonyesha kupoteza asilimia 60 ya pakiti, anapiga picha ya skrini, anaizungushia duara jekundu na kuituma kwa hasira.

Hebu tazama mstari wa mwisho kwanza. Ikiwa ruta ya tano inasema 300 lakini ya sita na ya saba zinasema 20, hakuna tatizo kwenye ya tano, kwa sababu pakiti zinazofika ya saba zimepita hapo hapo. Ruta kubwa hupitisha pakiti za watu kwa vifaa maalumu vyenye kasi kubwa, ila kujibu maswali yanayoelekezwa kwake ni kazi ya kichakataji chake kidogo, ambacho kimeamriwa kuyaweka maswali hayo mwisho wa orodha au kuyapuuza. Ongezeko la kuliamini ni lile linaloanza mahali fulani na kuendelea hadi mwisho wa safari. Na hata hilo lina utata, maana jibu linaweza kurudi kwa njia tofauti kabisa na iliyoendea, na traceroute haioni njia ya kurudi.

Kitu kimoja inachokionyesha bila utata ni safari za kipuuzi. Ofisi mbili zinazotazamana mtaani Samora, kila moja na mtoa huduma wake, data zao zinapaswa kukutana TIX, kituo cha kubadilishana data cha Dar es Salaam kilicho chini ya TISPA, chama cha watoa huduma za intaneti. Zikikutana pale, letensi kati yao ni milisekunde chache. Ukipiga ping kwenda jirani unayeweza kumwita kwa dirishani na ukapata zaidi ya 100, pakiti imepelekwa ng'ambo ikarudishwa. Hakuna kifaa kibovu hapo. Ni watu wawili hawajakubaliana kubadilishana njia, na hata mkongo mpya wa baharini hautalitatua.

Tahadhari nyingine ni anwani kama 8.8.8.8 ya Google na 1.1.1.1 ya Cloudflare, ambazo kila mtu anazipiga kwa kuwa ni rahisi kukumbuka. Hizo hazina makao mamoja. Anwani moja inatangazwa kutoka miji mingi duniani, na unajibiwa na tawi ambalo njia zako zinaliona karibu. Leo linaweza kuwa la mjini hapahapa au Nairobi, kesho Johannesburg au Ulaya. Kipimo chake kikiruka, usikimbilie kusema laini imeharibika.

Kwa nini milisekunde hula megabiti

Wengi huamini letensi na kasi ni mambo yasiyohusiana. Yanahusiana sana. Kufungua ukurasa salama kwa mara ya kwanza kunataka kuuliza jina la seva, kufungua muunganisho, kukubaliana usimbaji, kisha kuomba ukurasa wenyewe. Kwa TCP na usimbaji wa TLS 1.3 hizo ni safari nne za kwenda na kurudi. Seva zote mbili, ya majina na ya ukurasa, zikiwa Ulaya na letensi ikiwa 180, milisekunde 720 zimeshapita bila herufi moja kuonekana. Ongeza megabiti mpaka 500, zitabaki 720.

Pakiti zikianza kupotea ndipo hali inapokuwa mbaya zaidi. Matt Mathis na wenzake walichapisha mwaka 1997 kanuni inayoonyesha kwamba kasi ya muunganisho mmoja wa TCP ya kawaida hushuka kadiri letensi inavyokua na kadiri kipeuo cha pili cha upotevu kinavyokua. Weka upotevu wa asilimia 1 na letensi ya milisekunde 10, unapata karibu megabiti 14. Upotevu uleule kwa letensi ya 200 unakupa 0.7. Upotevu huohuo, laini hiyohiyo! Ndiyo maana faili la seva ya hapa Dar linashuka vizuri na la Ulaya linatambaa, na kipimo cha kasi kinachotumia seva ya mjini hakitakuonyesha hilo. Algoriti za siku hizi zinavumilia upotevu kuliko za wakati ule, ila mwelekeo ni uleule.

Kuacha jicho wazi

Kupiga ping wakati mambo yamekwama ni sawa, lakini huna cha kulinganisha nacho. Inabidi upime usiku na mchana, kabla ya tatizo. SmokePing ya Tobias Oetiker inafanya kazi hiyo bila gharama: kila dakika 5 inatuma ping 20 kwa kila pointi, inachora cha katikati kwa mstari na mtawanyiko wa vingine kwa wingu la kijivu. Mstari mwembamba usio na wingu ni laini yenye afya. Wingu nene kila siku za kazi kati ya saa nne na saa kumi, likitoweka wikiendi, ni foleni ya watu. Wingu linalokuja na mvua ya masika ni redio, kwa sababu viungo vya masafa ya juu, gigahezi 10 na kuendelea, hupungukiwa nguvu mvua ikiwa kubwa, kifaa kikashusha kasi ili kisikatike, na foleni ikajaa nyuma yake. Kama umeuziwa "faiba" na grafu yako inajua hali ya hewa ya Mbezi, kuna kipande cha njia hakina waya.

Kompyuta ndogo kuukuu inatosha. Iunganishe kwa waya, kamwe si kwa waifai, la sivyo utakuwa unapima hewa ya ofisi. Iweke pamoja na ruta kwenye UPS, maana umeme ukikatika grafu itaonyesha pengo na hutajua kama ni laini au ni TANESCO. Kengele ya tahadhari usiifunge kwenye namba ya kudumu kama 100. Ifunge kwenye sakafu ya pointi husika, tuseme cha katikati kikizidi sakafu kwa milisekunde 30 kwa mizunguko mitatu mfululizo. Mzunguko mmoja ukiruka, mwache mtu alale.

Na siku ya kusaini mkataba mpya, jedwali litakuwa na megabiti na asilimia za kuwepo hewani, kama kawaida. Waulize letensi hadi TIX saa tano asubuhi ni ngapi, upotevu wa pakiti unaokubalika ni asilimia ngapi, na vipimo vya nani vitatumika mkibishana. Muuzaji mzuri atamwita fundi wake aje kujibu.